Maswali Saba kwa Daktari wa Koti la Kijivu

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI WA GHOROFA YA PILI

Kumbukumbu za kikao cha dharura, cha 31, kilichofanyika chumba cha kukatia, juu ya duka la viatu. Kilianza Jumatatu saa nane na robo mchana, kikaahirishwa, kikamaliziwa Jumatano ya wiki hiyo hiyo.

WALIOHUDHURIA
1. Mama Kola – Mwenyekiti
2. Mzee Suruali – Mjumbe (alichelewa dakika ishirini, akailaumu saa ya ukutani)
3. Bi Vifungo – Mjumbe
4. Mpiga Pasi – Mjumbe; ni shemeji wa Katibu, amemwoa dada yake
5. Katibu – mwandishi wa kumbukumbu hizi, na ndiye mgonjwa

ASIYEHUDHURIA
Fundi Mapazia – bila taarifa. Ieleweke kwamba mlango wake unatazamana na mlango huu, na cherehani yake ilisikika kikao kizima. Hajakanyaga kikao chochote tangu kile cha 24, miaka miwili iliyopita.

KUMB. NA. 1/31: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuchomoa waya wa pasi ambayo Mpiga Pasi alikuwa ameiacha juu ya sketi ya mteja. Alieleza kwamba ajenda ni moja tu, mkono wa kulia wa Katibu. Alhamisi saa mbili asubuhi Katibu atapasuliwa kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapokunjika, kwa sababu mshipa wa fahamu umebanwa. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vimekufa ganzi. Sindano inamponyoka, mkasi hauwezi tena, na kalamu anaishika kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Maneno hayo ni ya Mwenyekiti.

Alisema fundi asiye na mkono wa kulia kazi yake ni kukaa barazani kuhesabu wapita njia, na kwamba Katibu hana mtoto wa kumlisha wala shamba la kurudia. Kwa hiyo asiende kwa daktari kutikisa kichwa tu na kusema ndiyo, ndiyo. Aende na maswali yaliyoandikwa.

Ilipendekezwa Katibu apumzike, Bi Vifungo aandike badala yake. Katibu alikataa. Alisema ameandika kumbukumbu za Umoja huu miaka kumi na minne na kalamu ya mtu mwingine haiamini.

KUMB. NA. 2/31: DAKTARI NI NANI

Katibu aliwajulisha wajumbe kwamba alipofika kliniki wiki iliyopita kuchukua tarehe, alisoma jina la daktari wa upasuaji mlangoni akalitambua. Ni yule mteja wa koti la kijivu.

Kwa faida ya kumbukumbu: miaka miwili iliyopita bwana huyo alileta kitambaa kizuri cha sufu akashonewa koti la harusi ya binti yake. Siku ya kulichukua, mkono wa kushoto wa koti ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa inchi moja na nusu. Kikao cha 24 kilifungua bitana na kukuta uzi mwekundu. Hapa kila fundi anayekata nguo huacha mshono mdogo wa rangi yake chini ya bitana, na mwekundu ni wa Fundi Mapazia, ambaye siku hizo aliitwa Fundi Makoti. Yeye alikana. Alisema alikata kiwiliwili tu, akaitwa msibani siku mbili, akarudi akakuta mikono imeshakatwa na kupachikwa. Hakuna mjumbe aliyekiri kuikata. Kikao hakikumwamini, kikamhamishia kwenye mapazia. Mteja aliandikiwa barua na Katibu kwa niaba ya Umoja, kwamba vipimo vyetu vilikuwa sahihi na kwamba bila shaka ni mikono yake mwenyewe isiyolingana.

Mzee Suruali alisema, "Haa! Sasa mtu huyo ndiye tunampelekea mkono wako aukate?"

Katibu alisema hilo ndilo linalomkosesha usingizi. Daktari alipotoka mlangoni alimwangalia sana. Hakutaja koti. Mtu mwenye kinyongo akikaa kimya, ni wa kuogopwa zaidi.

Bi Vifungo aliuliza Katibu anaogopa nini hasa. Koti halikukatwa na yeye. Aliyeharibu ni Mapazia, basi kisasi kiende mlango wa pili.

Katibu alijibu kwamba saini kwenye barua ni yake.

Bi Vifungo alisema barua haimtoi mtu jasho kiasi kile, na tangu asubuhi amemwona Katibu akifuta paji la uso. Katibu aliomba hoja hiyo isiandikwe. Mwenyekiti aliagiza iandikwe.

KUMB. NA. 3/31: MASWALI

Mpiga Pasi alitaka swali la kwanza liwe: nani hasa atashika kisu? Alisema, "Shemeji, usidanganyike. Unamsalimia daktari mkubwa mwenye mvi, unalala, anaingia mwanafunzi wake." Alieleza kwamba hata humu ndani mteja hupimwa na Mama Kola, kisha nguo inashonwa na yeyote mwenye nafasi. Mwenyekiti alisema maneno hayo yasitoke nje ya chumba hiki. Swali lilipitishwa.

Mzee Suruali alisema linapaswa kutanguliwa na jingine: je, kupasuliwa ni lazima? Kuna bandeji ya kufunga mkono ukae wima, kuna sindano, kuna kupumzika. Daktari aseme kila njia inafika wapi, na nini kitatokea Katibu asipofanya lolote. Mpiga Pasi alisema la nani-atashika-kisu lina uzito zaidi. Mzee Suruali alisema yeye alikuwa anashona suruali wakati Mpiga Pasi hajajua kuvaa. Mwenyekiti aliamua yaandikwe yote mawili bila namba.

Bi Vifungo alipendekeza daktari aulizwe amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi. Akasema idadi peke yake haitoshi, kwani hata fundi mbovu ana wateja wengi. Aulizwe pia: na wale ambao mikono yao haikurudi, ni wangapi, na iliwakuta nini? Atakayejibu "hakuna hata mmoja," Katibu avae viatu aondoke.

Katibu aliuliza kama swali hilo halitamuudhi daktari. Bi Vifungo alimwuliza Katibu yuko upande wa nani.

Kuhusu mkono wenyewe, Mwenyekiti alikumbusha Kanuni ya Chaki ya Umoja huu, kwamba kitambaa hakikatwi mpaka mwenye nguo ameiona mistari ya chaki kwa macho yake. Alisema na huko iwe hivyo. Daktari achore kwa kalamu mahali atakapopasua, Katibu akiwa macho na akili zake, na amwonyeshe. Hata kama mkono wa kushoto ni mzima na kila mtu anaona, achore tu.

Mpiga Pasi aliongeza swali la dawa ya ganzi, kama atalala fofofo au atakuwa macho, na nani atakuwa anamwangalia anavyopumua, na Katibu awaambie madaktari kabla dawa zote anazokunywa. Katibu alisema hanywi dawa yoyote. Mpiga Pasi alisema dada yake Katibu amemwambia kuna vidonge vya maumivu vya tangu mwaka juzi, makopo matupu matatu chini ya kitanda. Katibu alijibu kwamba mambo ya chini ya kitanda si ya kikao.

Mwenyekiti aliuliza, "Tangu mwaka juzi? Si ulituambia mkono umeanza miezi miwili iliyopita?"

Katibu alieleza kwamba vile vilikuwa vya mgongo.

Mzee Suruali alitoa swali la baada: atashika mkasi tena baada ya muda gani, na dalili zipi zikitokea nyumbani akimbie hospitali bila kungoja tarehe. Pia nani atamfunga vifungo vya shati. Bi Vifungo alisema asitazamwe yeye.

Swali la saba lilikuwa la Mwenyekiti. Alisema aandike hivi hivi: "Ukikosea, utaniambia?"

 Katibu alisema swali hilo si la heshima, hakuna mtu anayeweza kumwuliza hivyo daktari usoni. Mwenyekiti alisema kama Katibu hawezi, atamwuliza yeye. Iliazimiwa waende wote wawili Jumatano asubuhi.

Kikao kiliahirishwa saa kumi na dakika tano. Wakati wa kutoka, cherehani ya mlango wa pili ilinyamaza mpaka wajumbe wote walipoteremka ngazi.

KIKAO KILIENDELEA JUMATANO, SAA TISA ALASIRI

Wajumbe ni wale wale. Mwenyekiti alitangaza mambo mawili kabla ya lolote. Kwanza, Katibu haruhusiwi kubadilisha hata neno moja la Jumatatu. Pili, taarifa ya kliniki ataisoma yeye Mwenyekiti, na Katibu ataiandika kama inavyosomwa, amekipenda anachokisikia au hajakipenda.

KUMB. NA. 4/31: TAARIFA YA KLINIKI

Mwenyekiti alieleza kwamba walisubiri kwenye benchi la korido tangu saa moja na nusu hadi saa nne. Muda wote huo Katibu aliikunja na kuikunjua karatasi ya maswali mpaka ikachanika katikati.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza, kitanda chembamba chenye shuka la karatasi, na msumari nyuma ya mlango. Kwenye msumari lilining'inia koti la kijivu. Mwenyekiti alilitambua kwa kola, kwa kuwa kola hiyo aliishona yeye. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshushwa pindo hadi mwisho, na bado ulikuwa mfupi.

Daktari aliwakaribisha vizuri. Mwenyekiti alisema ukarimu huo alikuwa na wasiwasi nao.

Maswali yaliulizwa na kujibiwa. Kisu atashika yeye mwenyewe, mwanafunzi atasimama kutazama, na kama Katibu hataki atazamwe aseme. Upasuaji wa aina hii amefanya zaidi ya mia nne. Kati ya hao, wako ambao ganzi haikuondoka yote, watu kama kumi na tano, na mmoja kidonda kilioza akalazwa wiki tatu. Aliyataja bila kuulizwa mara ya pili. Bi Vifungo, akiisikia taarifa hii, alisema hapo ndipo alipoanza kumwamini kidogo. Dawa ya ganzi ni ya mkono tu, Katibu atakuwa macho. Mkasi asiuguse wiki sita, na kidonda kikitoa usaha au vidole vikivimba akimbie hospitali. Kuhusu kuchora, daktari alisema huchora kila mara, tena mgonjwa akitaka kushika kalamu achore mwenyewe, sawa.

Alipoulizwa kama upasuaji ni lazima, daktari alisema hilo hawezi kulijibu mpaka Katibu amjibu yeye kwanza. Akauliza, "Ganzi hii ilianza lini?"

Katibu alisema, "Miezi miwili, daktari."

Daktari aliushika mkono, akaibonyeza nyama ya chini ya kidole gumba, akaulinganisha na mkono wa pili. Akasema nyama hii imenywea. Akamwambia agusanishe gumba na kidole kidogo, Katibu akashindwa. Daktari alisema, "Mzee wangu, huu si mkono wa miezi miwili. Ama wewe unanidanganya, ama mkono unanidanganya, na mimi mikono haijawahi kunidanganya." Akaeleza kwamba kama ni wa miezi miwili, atapasua kesho na anategemea vidole virudi vyote. Kama ni wa miaka, lazima mshipa upimwe kwanza kwa mashine ajue umebaki na uhai kiasi gani, na amwambie mgonjwa ukweli, kwamba uharibifu utasimama lakini huenda ganzi nyingine ikabaki maisha. Akasema, "Ukinidanganya, nitakata vizuri kabisa kwa vipimo vya uongo."

Mwenyekiti alieleza kwamba Katibu aligeuza kichwa. Alikuwa anaangalia mlango. Mwenyekiti alidhani anataka kukimbia. Kumbe alikuwa anaangalia koti.

Kisha Katibu alisema, "Ilianza siku niliyokata mikono ya koti lako."

Katibu anaandika haya kwa mkono uleule.

Alieleza mbele ya daktari na Mwenyekiti kwamba mwenzake alikuwa msibani, harusi ilikuwa karibu, akaona amsaidie. Alichora chaki vizuri. Katikati ya kukata mkono wa kushoto, vidole vilipotea, hakuvisikia, mkasi ukaenda wenyewe ndani ya mstari. Kitambaa kilichobaki kilikuwa kabatini kwa Mwenyekiti, na kukiomba ni kujitangaza. Alipachika akanyamaza. Uzi wake wa bluu hakuuweka. Siku ile aliogopa zaidi kwamba watu wangejua mkono umekwisha kuliko kwamba koti limeharibika. Na kikao kilipoufunua uzi mwekundu, aliandika "wajumbe waliridhika," na akaona aibu, na akaendelea kuandika.



Daktari aliandika kwanza kwenye faili: miaka miwili. Halafu akainuka, akalichukua koti, akalivaa mbele yao, akanyoosha mikono yote miwili. Alisema, "Ile barua nilimsomea mke wangu. Tulichukua tepu akanipima. Nimepimwa mikono na mke, na binti, na daktari mwenzangu wa mifupa. Miaka miwili mimi nasimama mbele ya kioo najiuliza huu wa kushoto ulianza lini kurefuka." Hakucheka. Mwenyekiti alisema laiti angecheka.

Katibu alimwomba radhi. Daktari alisema atazungumzia hilo siku nyingine, leo anatibu mkono.

Hapo Mwenyekiti alikumbuka kuwa swali la saba halijaulizwa. Alimsukuma Katibu kwa kiwiko. Katibu alilisoma, kwa sauti ambayo daktari aliomba irudiwe: "Ukikosea, utaniambia?"

Daktari alisema, "Nitakuambia. Siku hiyo hiyo, uso kwa uso. Sitakuandikia barua."

Kipimo cha mshipa kitafanywa kesho Alhamisi. Upasuaji umesogezwa hadi Jumatatu ijayo, Katibu akiamua aendelee baada ya kuona majibu ya kipimo.

KUMB. NA. 5/31: YALIYOTOKANA NA TAARIFA

Mpiga Pasi alisema kama si kwa ajili ya mkewe, dada wa Katibu, yeye angesema neno. Alilisema hata hivyo, na Mwenyekiti aliagiza lisiandikwe.

Mzee Suruali alisema yeye alikuwa na shaka tangu kikao cha 24. Bi Vifungo alimwuliza kwa nini basi aliinua mkono kukubali. Mzee Suruali alisema alikuwa anajikuna. Bi Vifungo alisema na yeye aliinua, na hakuwa anajikuna, na ana aibu.

Iliulizwa Katibu aendelee na nafasi yake au aondolewe. Katibu alisema yuko tayari kuondoka. Mwenyekiti alisema kuondoka ni rahisi mno, kwanza aandike marekebisho kwa mkono wake maadamu bado anao. Na marekebisho hayo hayaandikwi mlango ule ukiwa umefungwa.

Katibu alitumwa kumwita. Alivuka korido. Cherehani ilikuwa imenyamaza muda mrefu na mlango ulikuwa wazi kiasi cha upana wa sikio. Katibu alisema, "Fundi Makoti, unaitwa kikaoni."

Aliulizwa, "Nani?"

Katibu alirudia.

KUMB. NA. 6/31: MAREKEBISHO YA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 24

Fundi aliingia saa kumi na dakika kumi. Hakukaa. Katibu alisoma na kuandika papo hapo: palipoandikwa "mikono ya koti ilikatwa vibaya na Fundi Makoti," pasomeke "ilikatwa vibaya na Katibu." Palipoandikwa "wajumbe waliridhika," pasomeke "wajumbe walidanganywa na Katibu." Palipoandikwa kwenye vikao vyote vilivyofuata "hakuhudhuria, bila taarifa," pasomeke "hakuhudhuria, kwa sababu alisema kweli na hakuaminiwa."

Katibu alimwomba radhi mbele ya wajumbe. Alisema amemnyang'anya jina miaka miwili na hajui atamrudishia kwa kitu gani.

Fundi alimwuliza, "Mkono unauma?"

Katibu alisema hauumi tena, hausikii kitu, na hilo ndilo baya.

Fundi alimwambia aulaze mezani. Alichukua pini kwenye mto wake wa pini, akachoma ncha ya kidole gumba polepole, akimtazama Katibu usoni. Katibu hakushtuka. Akachoma cha pili, na cha tatu. Wajumbe waliona kwamba damu ilitoka kidogo na Katibu hakushtuka. Fundi alirudisha pini mahali pake. Alisema alifikiri hata hili ni uongo.

Kisha aliuliza kama koti lile bado lipo. Mwenyekiti alimjibu kuwa liko msumarini nyuma ya mlango wa daktari, na kwamba mabaki ya kitambaa kile cha sufu ameyatunza kabatini. Fundi alisema koti liletwe. Mikono yote miwili ataibandua na kukata upya, na uzi utakuwa mwekundu. Katibu atamshikia tepu kwa mkono wa kushoto.

Iliazimiwa hivyo. Iliazimiwa pia kwamba Jumatatu, daktari atakapoushika mkono wa Katibu kuuchora, Fundi awepo kushuhudia mstari. Hili aliliomba Fundi mwenyewe. Alipoulizwa sababu, alisema Katibu akiachwa peke yake na chaki, yeye hana imani.

KUMB. NA. 7/31: KUFUNGA

Mengineyo hayakuwepo. Mwenyekiti alimrudishia Mpiga Pasi waya wa pasi na kuwaruhusu wajumbe saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni.

Mama Kola, Mwenyekiti: (saini)

Katibu: (saini, kwa mkono wa kulia, herufi ya pili imepinda)

Zimesomwa na Fundi Makoti: hajasaini. Amesema atasaini siku daktari atakapolivaa koti na kunyoosha mikono.